MTAJI WA TUNDUMA: KWA NINI MASHINE HAIFILISIKI

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mnisamehe. Mhariri alinituma Tunduma kufuatilia foleni ya malori mpakani. Nikaenda, nikaandika, habari ikatoka ukurasa wa ndani, na kesho yake bila shaka ikafungia maandazi. Lakini safari ile ilinipa kitu kingine ambacho gazetini hakina ukurasa wake: kauntabuku ya kaka yangu.

Nikisema kaka nina maana mtoto wa baba mkubwa. Amenizidi miaka 12 na mpaka leo namwamkia shikamoo. Yeye ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, na pesa hiyo aliipata kwa kusimama mpakani na bulungutu la kwacha mkono mmoja na la shilingi mkono wa pili. Kwa hiyo ninayoandika leo siyaandiki kwa dharau. Na amenipa ruhusa mwenyewe, sharti nisitaje jina lake.

Kauntabuku yenyewe imegawanywa pande mbili. Ukurasa wa kushoto ameandika KWACHA. Wa kulia ameandika MASHINE. Ni zile mashine mnazozijua, za picha za matunda na taa zinazozunguka, zinazomeza sarafu ya shilingi 200. Wengine wanaziita bonanza, wengine dubwi. Kila siku aliandika herufi moja. K maana yake amekula, L maana yake ameliwa.

"Unajua dogo," aliniambia, "watu wanaliwa kwa sababu hawana mpango. Wanacheza kilevi levi. Mimi nina mtaji, nina lengo, nina kikomo."

Kanuni zake ni tatu. Kila asubuhi anatenga shilingi 10,000, huo ndio mtaji wa siku. Akipata faida ya 1,000 anasimama na kuondoka. Zikiisha zote 10,000 anaondoka pia, hakuna kuongeza. Basi.

Nikiri kwamba nilivutiwa. Ilikuwa kama somo la biashara la kidato cha tatu, na kurasa zilikuwa zimejaa K kweli kweli. Usiku ule pale nyumba ya wageni, upepo wa Tunduma unagonga mabati, nikajiuliza: hivi wazo hili la mtaji na lengo mbele ya mchezo wa bahati limetoka wapi? Nani alilifikiria kwanza, na lilimfikisha wapi? Niliporudi Dar nikaanza kulifuata nyuma, kama tunavyofuata chanzo cha habari. Likanipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Tuanzie Ufaransa mwaka 1654. Mcheza kamari mmoja mwenye cheo, anayejulikana kama Chevalier de Méré, alikuwa na maswali kuhusu mchezo wa dadu ambayo hakuweza kuyajibu. Akayapeleka kwa Blaise Pascal. Pascal akamwandikia barua Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyekuwa akifanya hisabati kama wengine wanavyocheza bao jioni. Katika barua zile ndipo ilipoanza hesabu ya bahati tunayofundishwa shuleni leo. Fikiri kidogo: bima, utabiri wa hali ya hewa, takwimu za sensa, vyote vina deni kwa mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kula kwenye dadu!

Miaka miwili baadaye, 1656, Pascal akamwekea Fermat swali ambalo ni la kaka yangu kabisa. Watu wawili wana fungu la pesa kila mmoja. Wanacheza, anayeshindwa anatoa kidogo kidogo, mpaka mmoja afilisike. Je, kila mmoja ana nafasi gani ya kumfilisi mwenzake? Mwaka 1657 Christiaan Huygens wa Uholanzi akaliweka swali hilo katika kijitabu chake cha hesabu za dadu. Wataalamu wameliita hivyo mpaka leo, tatizo la kufilisika kwa mchezaji.

Jibu lake linachoma. Kama mchezo ni wa haki kabisa, nusu kwa nusu, mwenye fungu kubwa ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubaki. Na kama mchezo unamwegemea mmoja wao hata kidogo tu, kadiri mnavyocheza mara nyingi ndivyo nafasi ya yule mwingine inavyoyeyuka, hata kama mmeanza na mafungu sawa. Naam, mwaka 1657. Wakati huo Wareno walikuwa bado wameshika Fort Jesus pale Mombasa.

Lakini watu hawakusoma, au walisoma wakadhani wao hawahusiki. Karne ya 18 ikaenea Ulaya mbinu inayoitwa martingale. Ukiliwa, ongeza dau mara mbili. Ukiliwa tena, mara mbili tena. Siku utakayokula, utarudisha zote ulizoliwa na faida juu. Haina kasoro ukiisikia mara ya kwanza! Casanova, yule Mwitalia wa Venice, alisimulia katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyoitumia miaka ya 1750 kwa pesa za mwanamke aliyempenda. Mwanzoni alikula. Mwishoni akaliwa zote, za mwanamke.

Hebu tuihesabu kwa sarafu zetu. Unaanza na 200. Ukiliwa unaweka 400, halafu 800, 1,600, 3,200, 6,400. Ukiliwa mara 10 mfululizo umekwisha kutoa shilingi 204,600, na dau la mara ya 11 ni shilingi 204,800. Zote hizo unazitoa ili upate faida gani? Shilingi 200. Na kama unadhani mara 10 mfululizo haitokei, tarehe 18 Agosti 1913 katika kasino ya Monte Carlo, kwenye gurudumu la ruleti, rangi nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Wachezaji wakamwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Gurudumu halikumbuki zamu ya mtu.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1891 kampuni ya Sittman na Pitt ya Brooklyn, New York, ilitengeneza mashine ya karata za poka. Ilikuwa na magurudumu matano yenye picha za karata. Unatia sarafu, unavuta mkono, unaangalia umepata mpangilio gani. Haikutoa pesa, mwenye baa alikulipa bia au sigara. Ila sikiliza hili: karata kamili ni 52, mashine ilikuwa na 50. Kwa kawaida waliondoa kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa. Kwa karata hizo mbili tu, nafasi ya kupata mpangilio mkubwa kuliko yote ikapungua kwa nusu. Mchezaji aliona magurudumu yamejaa karata, nani ataanza kuhesabu?

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890, fundi mhamiaji kutoka Bavaria, Charles Fey, akatengeneza huko San Francisco mashine ya magurudumu matatu aliyoiita Liberty Bell. Hiyo ndiyo bibi wa mashine zote za sarafu. Na yale matunda? Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria za Marekani zilianza kubana mashine za pesa, watengenezaji wakazigeuza kuwa mashine za kuuza ubani wa kutafuna wenye ladha ya matunda. Picha zikaonyesha ladha. Ubani ulikwisha zamani, matunda yakabaki, yakasafiri dunia nzima mpaka kwenye kona ya baa ya Tunduma.

Halafu ikaja kompyuta. Mwaka 1979 kampuni ya Si Redd huko Nevada, ambayo baadaye ikawa IGT, ilitoa mashine ya poka ya kioo. Ikapendwa mno, maana mchezaji anachagua mwenyewe karata za kubaki nazo na za kutupa. Anajisikia ana akili, hangoji tu. Na ni kweli kwamba akili inasaidia kiasi. Aina moja ya mashine hizo, yenye malipo mazuri, humrudishia mchezaji asiyekosea hata mara moja asilimia 99.54 ya anachoweka. Hapo ndipo Wamarekani walipoanza kuandika vitabu na vitabu vya mbinu: gawa mtaji wako kwa vipindi, weka lengo la ushindi, weka kikomo cha hasara. Kanuni za kaka yangu, neno kwa neno! Hajasoma kitabu hata kimoja kati ya hivyo. Zimemfikia kwa njia zinazomfikia kila mtu, kutoka mdomo hadi mdomo.

Ila tazama ile namba vizuri. Mchezaji hodari kuliko wote, mbele ya mashine ya aina hiyo yenye malipo mazuri, bado anarudishiwa pungufu ya alichoweka. Na mashine za matunda hazichezwi kwa akili. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza ya Marekani kwa uvumbuzi mmoja mkubwa: namba ya kubahatisha ichaguliwe na kompyuta kwanza, gurudumu liwe la kuonyesha tu. Tangu hapo unachokiona kikizunguka ni kama mtangazaji anayesoma matokeo. Taa ikipita karibu na picha uliyoitaka, haikukukosa kidogo. Matokeo yalikwisha kuchaguliwa.

Kwetu mchezo wa bahati una historia yake. Kila aliyewahi kushuka stendi kubwa anawajua wale jamaa wa pata potea, na karata tatu juu ya boksi, na yule "abiria" anayeshinda kila mara kumbe ni mwenzao. Tulikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa, tiketi unaishika mkononi, unasubiri droo. Ile ilikuwa na kitu kimoja kizuri ambacho hatukukithamini: ilikuwa ya polepole. Ulinunua tiketi, ukaenda zako shamba. Mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ikaweka leseni na umri wa miaka 18. Sarafu ya 200 yenye sura ya Mzee Karume ilikuwa imeshaingia mifukoni tangu 1998. Mashine za bei nafuu kutoka China zilipoanza kuingia baa na maduka ya mitaani, sarafu ilikuwa inazingoja.

Majirani nao yamewakuta. Kenya mwaka 2018 serikali ilizikamata mashine za namna hii kwa maelfu na kuzichoma moto hadharani. Uganda mwezi Januari 2019 ilitangaza kutotoa leseni mpya za kampuni za kubeti. Moshi ulipanda, picha zikapigwa, na hesabu ya Huygens ikabaki pale pale.

Kwa nini basi Tunduma? Mtu anaweza kuliwa Mwanza, anaweza kuliwa Tandika. Lakini Tunduma ni mji uliojengwa juu ya vitu viwili: kusubiri na tofauti.

Tofauti ilianza tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi wakiwa Ulaya. Kwa upande huu walifuata barabara iliyokuwa ikiitwa Stevenson Road, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga, shangazi akabaki huku na mjomba akawa kule. Halafu pesa nazo zikatofautiana. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966, kwacha ya Zambia 1968. Mahali penye pesa mbili lazima azaliwe mtu wa katikati. Baba mkubwa alikuwa mmoja wao enzi za magendo, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alilala porini siku tatu. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu maduka ya kubadilisha fedha. Wa mkononi kama kaka wakabaki pembeni ya sheria, wakiangalia huku na huku.

Kusubiri kukaja na barabara na reli. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa, ikahitaji njia ya kwenda Dar es Salaam. Likaja bomba la mafuta 1968, ikaja barabara kuu, na kati ya 1970 na 1975 Wachina wakajenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Shaba ya Zambia na ya Kongo ikapita, mafuta na mbolea yakapita, na vyote vikasimama Tunduma kugongewa muhuri. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili mizigo ipite haraka. Lakini foleni haikufa. Ndiyo iliyonipeleka kule. Dereva anakaa siku mbili tatu na posho mfukoni, baridi, vumbi, hana ndugu, hana la kufanya. Utingo hivyo hivyo. Na mbadilisha fedha naye anamsubiri dereva. Kila anayesubiri ana chenji. Ungekuwa na mashine ya sarafu, ungeiweka wapi?

Turudi kwenye kauntabuku. Jioni ya mwisho nilimwomba kaka jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya: tujumlishe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kaka alikuwa na daftari. Hakuwa na jumla.

Tulihesabu siku 40. K zilikuwa 27 na L zilikuwa 13. Unaona? Katika kila siku tatu, mbili alirudi nyumbani akiwa ameshinda! Mtu huyu ukimwambia unapoteza pesa atakushangaa, na ana ushahidi wa maandishi. Lakini kila K ni shilingi 1,000, na kila L ni shilingi 10,000. Alikula 27,000. Aliliwa 130,000. Siku 40 za nidhamu kamili, bila kuvunja kanuni hata moja, zilimgharimu shilingi 103,000.

Na hapo alikuwa na bahati kidogo. Chukua mchezo rahisi ambao mwenye mashine anabakisha asilimia 5 tu, unaweka 200, ama unapata 200 juu yake ama inakwenda. Una sarafu 50, lengo lako ni sarafu 5 zaidi. Ukipiga hesabu ya wale mabwana wa karne ya 17, utafikia lengo kama siku 60 katika kila 100. Siku 60 mara 1,000 ni 60,000. Siku 40 zilizobaki mara 10,000 ni 400,000. Sasa panua lengo, sema nataka 10,000 iwe 20,000 ndipo niondoke, bado ukiweka sarafu moja moja. Nafasi yako haifiki hata moja katika mia. Ni kama moja katika 150.

Kwa hiyo lengo la ushindi linafanya kazi gani? Linapanga sura ya hasara, hasara yenyewe hailigusi. Lengo dogo linakupa siku nyingi za furaha ndogo na siku chache za kilio kikubwa. Lengo kubwa linakupa kilio kila siku na ndoto moja. Utachagua sura unayoipenda, lakini jumla inategemea vitu viwili tu: asilimia ya mwenye mashine, na pesa yote uliyoipitisha kwenye tundu la sarafu, ikiwemo ile uliyokula ukairudisha.

Kaka aliniangalia. "Hizo hesabu za chuo," akasema.

Nikamwambia, kaka, hizi hesabu ni zako. Umenisomesha nazo. Fungua ukurasa wa kushoto.

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, unanunua kwacha moja kwa shilingi 100 na kuiuza kwa 105. Anakuja mtu na shilingi 10,500. Unampa kwacha 100. Anageuka, anasema nimebadili mawazo, nirudishie shilingi. Unampa 10,000. Anabadili mawazo tena. Akizunguka hivyo mara 15 amebaki na chini ya nusu ya pesa aliyokuja nayo, wala hujamwibia. Sasa fikiri mtu huyo anakwambia: bwana, mimi nina nidhamu, nabadilisha asubuhi tu. Au: mimi nina mpango, naanza na kidogo kisha naongeza. Utamwambiaje?

Alicheka kwanza. "Ntamwambia karibu sana." Halafu akanyamaza muda mrefu.

Ile tano kati ya 100 na 105 ndiyo iliyonilipia ada. Haikuhitaji bahati, haikuhitaji lengo. Haba na haba, mteja baada ya mteja, kibaba kikajaa. Mashine nayo inaishi kwa tano yake, na upande wa mashine yuko mwenye mashine. Kaka, aliyekuwa mashine kwa miaka 20, alikwenda akasimama foleni ya wateja. Kilichompoteza ni neno moja, mtaji. Pesa inaitwa mtaji pale tofauti inapokuwa upande wako. Ikiwa upande wa pili, hiyo ni nauli.

Ndipo akanifungulia ukurasa wa mwisho. Uliandikwa L 380, bila maelezo. Siku hiyo 10,000 zake ziliisha mapema asubuhi. Akasema leo tu nirudishe. Akaanza kuweka sarafu tano kwa mpigo, 1,000 kila mara, na akakaa kwenye kile kiti kama saa 10. Pesa ilikuwa ya kikoba, shemeji alikuwa amempa akaipeleke. Laki tatu na themanini. Binti yao alikuwa amechaguliwa kidato cha tano mwaka huo.

Kaka aliamini ulikuwa mkosi. Nikapiga hesabu nyingine, sikufurahia kuipiga. Ukibonyeza mara moja kila sekunde 5, kwa saa moja umepitisha shilingi 720,000. Asilimia 5 ya hiyo ni 36,000. Mara saa 10 ni 360,000. Hakukuwa na mkosi wowote pale. Ilikuwa ni bei ya kawaida ya kukalia kile kiti.

Aliniomba nisimwambie shemeji. Nilimjibu kwamba sitamwambia, ila hesabu za kikoba husomwa mwisho wa mwezi mbele ya akina mama 20, na pale hakuna mashine ya kulaumu. Wiki ile ile alimwambia mwenyewe. Sitawaelezea yaliyotokea ndani ya nyumba ya watu. Itoshe kusema kwamba kikoba kinalipwa kwa awamu, binti yuko shule, na sehemu ya ada yake ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mshahara wa mwandishi mmoja wa magazeti ambaye mnajua alivyo mshahara wake. Ni deni langu la zamani, nimeanza kulilipa.

Je, mtu asicheze kabisa? Mimi si shehe wala mchungaji. Ukitaka kuweka sarafu tano kama unavyonunua soda, ukazihesabu zimekwenda kabla hujaziweka, hiyo ni starehe yako. Hapo kikomo kina maana, kwa sababu kinapunguza pesa unayopitisha. Ila lengo la ushindi usiliite mpango. Watu wamelijaribu kwa dadu, kwa karata, kwa ruleti na kwa kompyuta, kwa zaidi ya miaka 360 tangu barua za Pascal. Waliokula kwa uhakika ni wenye meza.

Juzi nilimpigia kaka kumjulia hali. Nyuma yake nilisikia honi za malori na sauti za wabadilisha fedha wakiita wateja. Nikamuuliza kauntabuku inaendeleaje. Akasema ukurasa wa kushoto unaendelea, ila mtaji ni wa mtu, yeye anapewa asilimia yake jioni.

"Na wa kulia?"

"Nimeanza kuandika marejesho ya kikoba," akasema. "Na siku hizi najumlisha."

Tuonane wiki ijayo, wadau.